Bado Sijaondoka

Boga lilikuwa moja, mikono iliyolishika ilikuwa ya watu wawili.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba katika soko la Jean-Talon, saa ile ambayo Montréal nzima huwa imekumbuka kwamba haina kitu jikoni. Watu walikuwa wakisukumana kati ya meza za tufaha na mafungu ya vitunguu, wauzaji wakipaza sauti, watoto wakilia kwa kunyimwa asali. Naïka Saintilus, koti la njano la mtumba likimfika magotini na kilemba chekundu kichwani, alikuwa amekumbatia boga la kijani upande mmoja. Upande wa pili lilikuwa mikononi mwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye miwani na skafu ya kijivu iliyofumwa kwa mkono.

"Nimeliona kwanza," Naïka alisema bila hata kumtazama.

"Wewe umeliona kwanza. Mimi nimelishika kwanza."

"Kaka, usinichezee. Boga la supu halipatikani kila wiki. Mama akipiga simu kutoka Jacmel, kule Haiti, ataniuliza kama nimepata boga la kweli au haya ya rangi ya chungwa, ya kuchongea sura za mashetani."

"Mimi nami nina wa kumjibu. Tena mama mkwe."

"Basi mwambie mkeo aje atafute lake."

Mwanamume aliondoa mikono yake taratibu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Chukua," alisema.

Hapo ndipo Naïka alipoinua macho, na moyo ukamruka. Sura ile aliijua. Ilikuwa nyuma ya kitabu alichokisoma tangu shuleni mpaka jalada likang'oka: *Mwanamke wa Ghorofa ya Tatu*. Ukurasa wa kwanza wa kitabu hicho ndio alioutoa kwa kichwa siku ya usaili wa chuo cha maigizo, na ndio uliomfungulia njia. Mtu mwingine angeomba radhi. Naïka alizaliwa bila breki mdomoni. Aliweka boga mezani, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti iliyowafanya hata wauza jibini wageuke:

"'Baridi ya mji huu ina adabu. Hubisha hodi kwenye vidole kwanza, ndipo iingie ndani.'"

Mwanamume alisukuma miwani yake juu ya pua.

"Vidole vya miguu," alisema. "Umeruka neno."

"Nimeliruka makusudi. Linachelewesha pumzi."

"Nilikaa na neno hilo wiki nzima."

"Pole. Ungeniuliza."

Mwanamume alicheka, lakini kicheko kilitoka kwa shida, kama gari lililolala nje kwenye theluji. Muuzaji, mzee mwenye mashavu mekundu, alikuwa amechoka kungoja. "Jamani, mnalinunua au mnalioa?"

Walilikata katikati. Kila mmoja akaondoka na nusu yake, na kabla ya kuachana walikuwa wamekunywa kahawa wamesimama, vikombe vikiwachoma vidole. Wilner Dorsainvil alimpa namba yake ya simu, kisha akaonekana kushangaa kwamba ameitoa.

*

Habari za Wilner zilijulikana na kila Mhaiti wa Montréal anayesoma, na wengi wasiosoma. Alikuwa ameandika kitabu kimoja tu. Mkewe, Ghislène, muuguzi, alitoka nyumbani mchana mmoja wa Januari kwenda zamu, gari likateleza kwenye barafu, ikawa ndiyo safari yake ya mwisho. Kitabu kilikuja baada ya msiba huo, watu wakakililia. Tangu hapo hakikutoka kingine. Waongozaji wa tamthilia walimfuata mara nyingi wakiomba kukipandisha jukwaani. Wote aliwajibu kwa upole kwamba hapana.

Simu ya kwanza ilimkuta Naïka akipiga pasi nguo za jukwaani.

"Naïka?"

"Nani mwenzangu?"

"Mimi."

"Mimi gani? Nina akina mimi wengi."

"Mwenye nusu ya boga."

"Aa, mwizi wangu! Supu ilikuwaje?"

"Nimeunguza."

"Mwandishi mzima unaunguza supu?"

"Nilikuwa nafikiria lile neno. Nadhani ulikuwa sahihi."

Baada ya hiyo zikaja nyingine. Wilner alikuwa mtu asiyependa simu, lakini alipiga. Alimpigia kumwambia theluji ya kwanza imeanguka upande wake. Alimpigia kumuuliza kama ni kweli waigizaji hulala mchana. Naïka akamwita mzee, ingawa mvi alizokuwa nazo zilihesabika, naye akamwita Kelele. Magalie, mwongozaji wa kikundi chao pale Saint-Michel, katika ukumbi uliokuwa gereji zamani, alimwona Naïka akicheka na simu yake pembeni akatikisa kichwa.

"Huyo ni nani?"

"Rafiki."

"Rafiki hachekeshi mtu hivyo saa nne asubuhi."

Novemba ilipokaribia kwisha Wilner alimkaribisha nyumbani kwake. Aliishi ghorofa ya tatu karibu na mtaa wa Saint-Hubert, na ngazi zake, kama za nyumba zote za kule, zilikuwa nje, za chuma, zimejipinda kama gamba la konokono. Naïka alibisha hodi, mlango ukasukumika wenyewe.

"Hufungi?"

"Sifungi."

"Hata usiku?"

"Hata usiku. Vua viatu, ingia, usiingize baridi."

Kando ya zulia la mlangoni palikuwa na buti za kike, za buluu, zimepanguswa vumbi. Naïka aliweka zake mbali kidogo nazo. Hakujua kwa nini.

Walikula wali mweusi wa uyoga na kachumbari kali ya kabichi iliyomtoa machozi. Katikati ya chakula, nje, ngazi zililia: ta... ta... ta... kama mtu anayepanda taratibu, amebeba vitu. Wilner akainua kichwa. Uso wake ukawaka. Naïka hakuwa amewahi kuuona uso wa mtu mzima ukiwaka namna ile. Ulikuwa uso wa mtoto aliyesikia mama yake amerudi. Kisha ukazimika.

"Ni chuma," alisema. "Baridi ikizidi hujikunyata, kinalia."

"Najua," Naïka alisema, na vinyweleo vya mikono vilikuwa vimemsimama.

Jioni hiyo ndipo Naïka alipomwomba kitabu. Hakuomba kwa maneno. Alifungua kitabu, akasimama kati ya jiko na friji, akawa Altagrâce, yule mwanamke wa ghorofa ya tatu. Wilner alikuwa anaosha kikombe, amempa mgongo. Maji yaliendelea kutiririka juu ya kikombe kilichokwisha kuwa safi, mpaka Naïka alipofika mwisho wa sura.

"Fanya," Wilner alisema bila kugeuka.

"Nifanye nini?"

"Kipandishe jukwaani. Wewe tu. Mwingine simpi."

*

Mapenzi yao hayakuwa na siku unayoweza kuionyesha kwa kidole. Labda yalianzia kituo cha treni cha Saint-Michel, siku ile skafu ya kijivu ya Wilner ilipobanwa na mlango wa treni, Naïka akaivuta kwa nguvu zote, wakaanguka wote wawili ndani ya behewa, juu ya benchi la watu.

"Umejaribu kuninyonga," Wilner alisema, akihema.

"Nimekuokoa, mtu asiye na shukrani."

"Basi nikushukuru vipi?"

"Huwa unaandika vitabu, hujui hata la kufanya hapa?"

Alijua. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi hilo akasogea, akasema, "Vijana, endeleeni, mimi nilikuwa nashuka hata hivyo."

Tangu siku hiyo wakawa wapenzi. Lakini furaha ya Naïka ilikuwa na chumba kimoja ndani yake kisichowashwa taa. Wilner alimpenda, hilo alilijua kwa ngozi yake. Ila kulikuwa na nyakati, hata amemkumbatia, alihisi sikio lake likimpita, likisikiliza kule mlangoni. Walipotoka nyumbani, Naïka ndiye aliyetangulia kushuka. Wilner alibaki nyuma akivuta mlango, akijisemea kitu kwa sauti ndogo kama watu wanaojipapasa mifukoni kutafuta funguo, kisha ndipo anashuka, amechangamka.

Mwaka Mpya, siku ambayo kila Mhaiti hula supu ya boga, Wilner alikwenda kula kwa mama mkwe wake peke yake.

"Nami je?" Naïka aliuliza kwenye simu.

"Bado, Kelele. Nipe muda. Mama yule ana mimi tu."

"Na mimi nina nani?"

"Nipe muda," alirudia.

Akampa.

*

Mazoezi yalipamba moto Januari. Kuna tukio katikati ya igizo ambapo Altagrâce anaondoka kwenda kazini: anavaa koti, anachukua mkoba, anafungua mlango wa mbao uliosimama peke yake jukwaani, anatoka. Kitabuni hasemi neno. Mchana huo Wilner alikuwa amekuja kutazama kwa mara ya kwanza, amekaa safu ya tatu, kikombe cha kahawa gotini.

Naïka alitoka mlangoni. Kisha, bila kupanga, mwili ukamrudisha. Alichungulia, mkono ungali kwenye kitasa, akasema kwa sauti laini, ya mtu ambaye akili yake iko kwingine:

"Usikomee mlango, bado sijaondoka."

Kahawa ilimwagika. Wilner alikuwa amesimama.

"Nzuri hiyo!" Magalie alipiga makofi. "Umeitoa wapi? Tuiache!"

"Ndiyo, umeitoa wapi?" Wilner aliuliza. Alikuwa amepauka kama majivu.

"Nini?"

"Maneno hayo. Nani kakupa?"

"Hakuna. Yametoka tu, Wilner. Nilitaka kurudi, nikarudi, nikayakuta mdomoni."

Wilner alikuwa anaangalia kiti cha pembeni, palipokuwa na koti la njano na mfuko wa karatasi wa vitafunio, uliolowa mafuta. "Na mfuko huo?"

"Pate za nyama. Unataka moja?"

"Umekwenda kwa Célianne."

"Saint-Michel nzima inakwenda kwa Mama Célianne! Nimenunua pate kwake tangu nina meno ya utoto. Kuna nini?"

"Célianne ni mama yake Ghislène."

Magalie aliacha kupiga makofi.

"Mke wangu alikuwa msahaulifu," Wilner alisema polepole. "Kila siku aliondoka mara mbili. Anatoka, anafika chini, anakumbuka skafu, anakumbuka chakula, anarudi. Kwa hiyo kila akitoka alisema hivyo. Hivyo hivyo. Na siku ya mwisho alisema, nikauacha mlango wazi, nikamngoja arudi kuchukua alichosahau. Sikuandika hilo kitabuni. Ni mimi na mama yake tu tunaolijua. Nawe ukaenda kumchimba bibi kizee wa watu, ukamnunulia pate ukimchota maneno ya marehemu, upate makofi!"

"Sikumchimba mtu! Wilner, nitazame. Sikujua hata kama ni mkweo. Ungenipeleka kula supu ningejua!"

"Igizo limekwisha. Naondoa ruhusa yangu."

Alitoka bila skafu.

*

Kilichomtesa Naïka hakikuwa hasira tu. Ilikuwa hofu. Maneno yale alikuwa ameyasema yeye, kwa ulimi wake, na hakujua yalikotoka. Alikaa mbele ya kioo akiutazama mdomo wake kama mtu anayetazama nyumba iliyoingiwa na wezi. Ndani ya treni, milango ilipokuwa ikifunga, aliyasikia. Akiwa anaoga aliyasikia. Akampigia mama yake Jacmel.

"Wafu hawana adabu ukiwaazima mdomo," mama alisema. "Oga majani, washa mshumaa, uombe. Na huyo mgane muache. Mwanamume aliyefiwa bila kuzika ni nyumba yenye mpangaji."

"Alimzika, mama. Miaka minane sasa."

"Alizika mwili, mwanangu. Mimi nazungumzia mengine."

Magalie alikuwa na yake. Tiketi zilikuwa zimeanza kuuzwa, na ukumbi wao mdogo ulikuwa umeegemea igizo hilo moja. "Nenda umwombe radhi," alisema.

"Kwa kosa gani?"

"Lolote. Wanaume huwa hawaulizi."

Hakwenda. Wilner alipopiga simu, Naïka alikuwa amelala chali jukwaani, ameuacha mlango wa mbao umesimama kando ya kichwa chake. Aliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Kisha ujumbe wa sauti ukaingia. Aliuacha kwanza. Baadaye akauweka sikioni.

"Naïka. Mimi. Nimeongea na Mama Célianne. Anasema hujawahi kumuuliza chochote zaidi ya kama pate zimetoka jikoni. Anasema nimekuwa mpumbavu. Nimekukosea, Kelele. Sijui maneno yale uliyapata wapi, na nikwambie kweli, naogopa kujua. Igizeni. Kitabu ni chenu. Basi... ni hayo."

Wilner alidhani amekata simu. Hakukata. Naïka alisikia kiti kikisukumwa, koti likivaliwa, funguo zikidondoshwa na kuokotwa. Mlango ukafunguka. Halafu, wazi kabisa, laini, kwa lafudhi isiyo ya mwanamume mwenye haraka, ikaja sauti:

"Usikomee mlango, bado sijaondoka."

Mlango ukavutwa. Ngazi za chuma zikaanza kulia.

Naïka aliketi kwa ghafula. Siku zote zile, yeye akishuka mbele, Wilner akijisemea nyuma! Sikio la mwigizaji ni kama kapu la sokoni, linabeba hata kisichonunuliwa. Alikuwa ameyabeba maneno yale tangu Novemba bila kujua. Alicheka peke yake jukwaani, akalia kidogo, akavaa koti la njano juu ya nguo za Altagrâce, akakimbilia treni.

Alimkuta jikoni, jua la saa nane likiwa limelala mezani.

"Nimejua yalikotoka," alisema akihema. "Mpenzi, hakuna aliyekosa. Sikiliza."

Akamsikilizisha ujumbe. Wilner alisikiliza mpaka mwisho, uso wake ukilainika, ukifunguka, mpaka Naïka akaogopa.

"Umemsikia?" Wilner alinong'ona. "Nawe umemsikia?"

"Wilner, huyo ni wewe."

"Siyo mimi. Ni yeye. Kila nikivuta mlango husema. Miaka yote hii, Naïka. Ndiyo maana sijahama. Ndiyo maana sifungi. Sikumwambia mtu, wangesema nimeharibikiwa."

Laiti angeweza kuirudisha simu mfukoni! Lakini alikuwa ameshaitoa. "Sikiliza tena," alisema kwa upole. "Mwisho pale."

Alirudisha nyuma. Yakaja maneno, na mara tu baada yake, kabla mlango haujavutwa, kikohozi. Kikavu, kifupi, cha mtu wa sigara aliyeacha. Kikohozi cha Wilner.

Alikisikia. Naïka alimwona akikisikia. Alikaa kitini taratibu, kama mtu asiye na hakika kama kiti kipo.

"Kumbe ni mimi," alisema. Akasema tena, "Kumbe nilikuwa naongea peke yangu."

"Mpenzi..."

"Nenda, Naïka. Tafadhali. Sina hasira nawe hata kidogo. Ila asubuhi ya leo nilikuwa na mke, na sasa sina."

*

Igizo lilifunguliwa Februari, na watu walijaa mpaka wakakaa kwenye ngazi. Naïka aliyaondoa yale maneno. Altagrâce aliondoka kimya kama kitabuni, na kila mara, mkono ukiwa kwenye kitasa, aliuhisi ukimya huo ukimpanda mgongoni kama maji baridi. Magazeti yalimsifu. Simu yake ilipigwa na namba zilizofichwa, akiitika zinakatwa. Wilner hakuonekana.

Alikuja Jumapili moja ya Machi, onyesho la mchana, theluji ikianza kuyeyuka na kugeuka tope barabarani. Naïka alimwona toka jukwaani: amenyoa ndevu, suti nyeusi imempwaya, na kando yake bibi mfupi mwenye kofia ya zambarau yenye ua, amekumbatia mkoba kama aliyepanda ndege. Mama Célianne. Naïka nusura asahau mstari.

Baada ya makofi bibi huyo hakungoja kukaribishwa nyuma ya pazia.

"Wewe ndiye uliyemtia mkwe wangu wazimu? Sogea nikuone."

Alimshika kidevu, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia. Wilner alisimama mlangoni, jasho likimtoka. Naïka aliisubiri hukumu.

"Wapi!" Mama Célianne alisema. "Watu wanakuja dukani kunitisha: 'Mama Célianne, nenda ukamwone, ni Ghislène mtupu, amefufuka.' Wiki tatu sikupata usingizi. Ghislène gani? Mwanangu alikuwa mfupi, mnene kama mtungi, na haya zake! Padri akimwomba asome, anajificha chooni. Wewe mwanamke unarusha mikono kama askari wa barabarani, unapiga kelele mpaka sikio langu bovu limepona. Hufanani naye hata ukucha!"

Wilner alianza kucheka. Kicheko hiki hakikutoka kwa shida. Kilimkamata tumboni, kikamwinamisha, kikageuka kilio katikati, kikarudi kuwa kicheko. Mama Célianne alimtazama, akampa leso, halafu akamwambia Naïka kwa sauti ya chini:

"Nimefurahi, mwanangu. Niliogopa kuja. Nisingeweza kumzika tena."

Akatoka kutafuta choo, au kujifanya anatafuta.

"Zile simu zisizo na namba zilikuwa zako?" Naïka aliuliza.

"Zangu."

"Na mimi nilidhani ni watu wa bima, nikawatukana!"

"Nilisikia. Umetukana vizuri." Alifuta miwani yake. "Wiki za kwanza nilitoka nyumbani nimeziba mdomo kwa mkono. Kama mwizi. Nikawa nangoja, labda nikinyamaza mimi atasema yeye. Hakusema. Nyumba ni nyumba tu, Naïka. Nimeanza kufunga mlango. Nimeandika kurasa chache, mbaya sana. Na nimemwambia mwenye nyumba kwamba Julai nahama."

"Unahamia wapi?"

"Nilikuwa nakuja kukuuliza hilo."

Naïka alivua kilemba cha Altagrâce, akakikunja, akakifungua, akakikunja tena. Alimpenda, na hilo halikuwa na swali. Swali lilikuwa lingine.

"Sitaki kuwa mlango wake," alisema. "Sitaki mtu anishike mimi huku anasikiliza ngazi. Ukiniambia leo kwamba umemsahau, nitajua unanidanganya, nitakuacha hapa hapa."

"Sijamsahau."

"Basi angalau tumeanza na ukweli."

"Na nyumba?"

"Ghorofa ya tatu sipandi. Magoti yangu ni ya kazi."

*

Tarehe mosi Julai mji wote huhama. Ni kama watu wamepigiwa baragumu: mikataba ya nyumba inakwisha siku hiyo hiyo, na mitaa inajaa magodoro, majokofu, paka ndani ya vikapu na wanaume wanaogombana juu ya kona ya kabati. Jua lilikuwa kali. Naïka, kaptura na fulana ya Wilner iliyomfika mapajani, alikuwa ameshusha maboksi yote ya vitabu. Buti za buluu Mama Célianne alikuja kuzichukua asubuhi mwenyewe. Alizifunga kwenye mfuko wa plastiki, akawapa pate za njiani, hakukaa.

Wapangaji wapya, vijana wawili wenye godoro kichwani, walikuwa wameshafika.

"Nipe dakika," Wilner alimwambia Naïka, akarudi juu peke yake.

Naïka aliketi ndani ya lori dogo walilokodi, akingoja. Kijana mwenye godoro alimuuliza kama wanaweza kupanda. "Bado kidogo," alisema. Dakika ikawa nyingi. Gari la nyuma likaanza kupiga honi. Alitaka kumwita, hata akafungua mdomo, kisha akaufunga. Kama hatashuka, alijiambia, ni afadhali nijue leo, kabla sijapachika mapazia. Alikaa, mikono kati ya magoti, jasho likimtiririka mgongoni, akiogopa kuliko alivyowahi kuogopa jukwaa lolote.

Wilner alishuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliwapa vijana funguo, akawatakia heri, akapanda upande wa usukani. Hakuwasha gari.

"Naïka, tuoane."

"Sasa hivi? Nanuka kama punda!"

"Nami nanuka. Ndiyo au hapana?"

"Unaniuliza kwa sababu unanitaka, au kwa sababu umelia?"

"Nimekutaka tangu uliporuka neno langu sokoni. Kulia ni mambo mengine."

Naïka alitazama mbele, mtaa uliojaa vitanda vya watu. Yule wa nyuma alipiga honi tena, ndefu.

"Nitaolewa nawe kwa sharti," alisema. "Najua Ghislène atakuja. Siku moja moja, tukiwa mezani, au Januari ikifika, atakuja. Sikukatazi. Ila siku akiwepo, niambie. Usinifiche ndani ya nyumba yangu."

"Nitakuambia."

"Uape."

"Naapa."

Naïka alimshika mkono, ule mkono mwembamba wenye wino kidoleni. Kisha akamuuliza, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya jukwaani:

"Leo yupo?"

Wilner hakutazama juu, wala hakutazama nyuma.

"Yupo," alisema.

Kiti cha lori kilikuwa kirefu, cha watu watatu. Naïka alijisogeza karibu na Wilner mpaka bega likagusa bega, akaacha nafasi upande wa dirisha.

"Basi washa gari," alisema. "Tutapigwa na watu hapa."